Aliyeichonga ni nani?

Mwaka 2022 mafundi wa Lusanga, kule Kwilu, waliuza kwenye intaneti, kama mali ya kidijitali, nakala za sanamu ya Balot, afisa Mbelgiji, wakitumia picha za tovuti ya makumbusho ya Virginia, Marekani, na makumbusho yakakasirika. Wote waliuliza mwenye sanamu ni nani. Sisi tunauliza aliyeichonga ni nani.

Tunalijua jina la afisa huyo aliyeuawa katika uasi wa Wapende mwaka 1931. Tunalijua jina la aliyeinunua sanamu mwaka 1972. Tunayajua makumbusho yaliyoichukua mwaka 2015. Jina la Mpende aliyeshika kisu cha kuichonga halitajwi popote.

Hilo ndilo linalotutia hofu kwa vijana wetu wa Nguba, hapa Bukavu, wanaochonga kwa kompyuta. Wanaambiwa: hiyo si sanaa, mashine ndiyo imechonga. Mashine gani? Kijana anavuta shavu la sanamu kwenye skrini, anapunguza pua, anafuta, anaanza upya, na yote hayo usiku wa manane, kwa kuwa mchana umeme hakuna. Bwawa la umeme la Ruzizi liko jirani yetu, na umeme hakuna! Sanamu za udongo za hao hao wa Lusanga zilipimwa kwa kompyuta, zikatengenezwa tena kwa chokoleti Amsterdam, zikaonyeshwa New York mwaka 2017. Nani alisema chokoleti imejichonga?

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kwetu haki za mwandishi zikitajwa, watu wanawaza wanamuziki tu. Mchongaji hawazwi. Mchongaji wa kompyuta ndiyo kabisa.

Vijana, andikeni majina yenu! Kabla umbo halijaenda kwa mteja, weka jina na tarehe, tunza faili za kila hatua. Ninyi wajenzi mnaobandika picha ya nyumba kwenye bango la kiwanja, mlipeni aliyeichora kwa kompyuta, na jina lake lisomeke pale pale. Wabunge tuliowatuma Kinshasa, uchongaji wa kompyuta uandikwe ndani ya sheria, kwa jina lake. Na umeme! Mtupe umeme, vijana wafanye kazi mchana kama mafundi wengine.