Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi: Antibaiotiki kwa Wagonjwa wa Kikohozi katika Zahanati na Vituo vya Afya
Mada kwa semina ya watoa huduma za afya, Mwandiga, Kigoma



Nimeombwa nieleze tunavyoandika antibaiotiki kwa magonjwa ya njia ya hewa. Maana zake mnazijua. Mafua na maumivu ya koo ni ya njia ya juu. Nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi, iko kwenye mapafu. Antibaiotiki huua bakteria, haigusi virusi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa nao una Mpango Kazi wa Taifa tangu 2017. Sitayarudia hayo. Naomba muda wangu uende kwenye jambo moja: kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima.

Mwongozo wa IMCI, wa kutibu watoto wagonjwa, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupokea mwaka 1996, uko wazi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahema haraka akifikisha pumzi 50 kwa dakika. Wa miezi 12 hadi 59 akifikisha 40. Hapo, au mbavu zikibonyea ndani, tunaita nimonia na anapewa amoksilini. Asipofikisha, na hana dalili ya hatari, ana kikohozi tu, wala hahitaji antibaiotiki. Uamuzi unasimama hasa juu ya namba hiyo, na namba hiyo ndiyo ninayoikosa kwenye madaftari kila ninapokwenda kwenye usimamizi shirikishi. Naikuta homa, naikuta uzito, naikuta amoksilini. Pumzi hazipo.

Pengo kati ya antibaiotiki zinazohitajika na zinazotolewa limepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na kati ya hao, nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ilikuwa asilimia 5 tu. Baadaye, Dar es Salaam, utafiti mwingine ulilinganisha tiba ya mazoea na tiba iliyoongozwa hatua kwa hatua kwa simu. Kwa mazoea, watoto 84 kati ya 100 walipewa antibaiotiki; kwa mwongozo, 15. Waliopona kufikia siku ya saba walikuwa asilimia 92 kwa mazoea na 97 kwa mwongozo. Namba hizi za mwisho naomba tuziangalie kwa utulivu: waliopewa dawa kidogo ndio waliopona zaidi.

Kwa nini hatuhesabu? Foleni ni ndefu, mtoto analia, amefungwa khanga mbili na sweta. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo kila homa inapimwa, na kipimo kikisoma hasi mkono unakwenda wenyewe kwenye amoksilini. Kuna hofu pia, na ni hofu ya haki: mama anarudi milimani Kalinzi au kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa mtumbwi, na usiku mtoto akizidiwa hakuna wa kumkimbilia. Simnyooshei mtu kidole. Lakini kumpa kila mtoto dawa hakumlindi yule mgonjwa kweli. Aliyestahili oksijeni na rufaa ya hospitali ya mkoa ya Maweni anaondoka na dozi ile ile aliyopewa mwenye mafua, kwa sababu hakuna aliyefunua kifua chake. Na amoksilini ikiishia kwa wenye mafua, mwisho wa mwezi mwenye nimonia anaandikiwa akanunue.

Mapendekezo yangu, kwa kuzingatia kwamba miongozo ni ya Wizara, ni haya.

Namba ya pumzi iandikwe kabla ya jina la dawa, kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye kikohozi. Ihesabiwe na muuguzi kwenye mizani, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama, asisubiri chumba cha daktari. Iwe dakika nzima, si nusu mara mbili, maana mtoto mdogo hahemi kwa mpangilio mmoja. Kifua kifunuliwe. Oksimeta ikipatikana itumike, ila isichukue nafasi ya kuhesabu.

Mama asiyepewa dawa apewe maelezo: amnyonyeshe zaidi, asali kwa aliyevuka mwaka, na arudi mara moja mtoto akihema haraka, akishindwa kunyonya au akipata degedege. Akiondoka bila maelezo atapita njia panda, barabara ya Manyovu inapochepuka, anunue vidonge vya rangi mbili. Ndugu zetu wa maduka ya dawa, msiuze nusu dozi, na mtoto anayehema haraka mleteni kituoni.

Nje ya watoto, pendekezo langu ni moja: mtu mzima anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, asiandikiwe antibaiotiki nyingine.

Usimamizi shirikishi uanze kukagua safu ya pumzi kabla ya safu ya dawa. Narudia: namba iandikwe. Na kama bajeti ya mwaka huu haina saa za kuhesabia pumzi, simu ya muuguzi ina saa. Tuanze nayo Jumatatu.