Historia Yetu Haingoji Mfadhili

Tukitaja kuhifadhi historia ya kijiji, wengi wetu husema, "Tungoje mfadhili." Je, na wazee nao watangoja?

Tutazame Kaya Kinondo kule Kwale, msitu mtakatifu wa Wadigo. Leo wageni hulipa kiingilio, huongozwa na watu wa pale pale, na hujifunga kaniki kufuata amri za wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliuweka msitu huo, pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda, katika urithi wa dunia. Lakini pesa na sifa zilikuja baadaye. Kabla ya hapo wazee waliulinda kwa vizazi vingi bila ruzuku yoyote.

Basi tuanze na mchango wetu wenyewe. Shilingi 20 kwa kila mwanachama zitanunua daftari na kalamu. Tuchague vijana wawili wakae na wazee, waandike majina ya visima, vilima na koo, na nani aliyesimulia. Mweka hazina atusomee hesabu kila mkutano. Mfadhili akija, atakuta kazi inaendelea. Asipokuja, watoto wetu watakuwa na cha kusoma.