Jeraha Lisilotoka Damu



Mitaa yetu inabeba kumbukumbu za vita. Kariokor ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa 1914 hadi 1918, na soko la Burma latukumbusha vijana wa KAR waliovuka bahari. Majina tulibakishiwa. Fedha, ni habari nyingine: hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba Uingereza iliwapa askari Waafrika malipo ya mwisho wa vita yaliyofikia theluthi moja tu ya yale ya wazungu wa cheo kile kile.

Lakini hatukuja kulilia ya 1945 pekee. Tangu 1992, askari wa Kenya walitumwa Kroatia chini ya Umoja wa Mataifa, wakalinda usiku katika baridi wasiyoizoea. Baridi ni adui mjanja. Mtu huweza kurejea nyumbani anatembea vizuri, hana kovu la kuonyesha. Miaka ikipita, miguu hufa ganzi, viungo huuma, kucha huharibika. Daktari mwenye haraka husema ni uzee.

Waliozingirwa na baridi kule Chosin, Korea, mwaka 1950, walikutana na jambo hilo hilo. Askari hao wa Marekani hawakunyamaza. Walijiunga, wakakusanya ushahidi, wakadai hadi jedwali la ulemavu la nchi yao likabadilishwa Januari 1998. Kila mguu ukapimwa peke yake, asilimia 10, 20 au 30, kwa kutazama madhara yaliyochelewa. Ganzi na maumivu navyo vikahesabiwa, wala si kidole kilichokatika tu.

Sisi tunayo sheria ya mwaka 2022 kuhusu askari waliostaafu. Ni hatua, twakiri. Hata hivyo, sheria haipimi mguu. Mtu ndiye hupima. Kwa hiyo twadai viwango vya ulemavu vitangazwe kwa lugha anayoielewa mjane wa Makongeni, jeraha lililochelewa lisifungiwe mlango kwa sababu ya tarehe, na aliyekataliwa aandikiwe sababu, apate pa kukata rufani.

Nanyi fungueni masanduku ya bati. Cheti cha kutoka jeshini, kadi ya hospitali, barua iliyoandikwa kutoka ng'ambo: msichome kitu. Jumapili baada ya ibada tutaketi mlangoni na daftari, tuandike jina, kikosi, mwaka, na mguu gani unauma.