Mwanapunda Kutoka Mnadani

Anayenunua mwanapunda Handeni au Korogwe huwazia madumu ya maji. Aanze kuwazia afya ya mnyama huyo. Tumbo likivimba na manyoya yakisimama, huenda ana minyoo, na dawa yake hupimwa kwa uzito. Akikonda huku anakula vizuri, apimwe damu, maana mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana. Mzigo usubiri angalau hadi miaka 3. Mifupa yake bado haijakomaa, na kidonda cha kamba mgongoni hukawia kupona. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ni hatua kubwa, lakini haimtibu aliye zizini. Ndugu msikilizaji, kabla hujamfunga dumu la kwanza, mwite afisa mifugo wa kata yako.