Bonde la Mafunjo Tusilikaushe
Hotuba ya Kamati Siku ya Harambee



Mtakumbuka mwaka jana kamati iliwaomba fedha za kuchimba mitaro ili bonde letu likauke, tulime mboga. Mlichanga. Leo tunaomba ruhusa fedha hizo zifanye kazi nyingine, na ni haki yenu kujua sababu.

Wazee wanamkumbuka ningu. Mvua kubwa zikianza alitoka ziwani, akapanda mito na kutaga kwenye maji ya mafuriko kandokando. Watu wakatega nyavu midomoni mwa mito, wakamkamata na mayai yake tumboni. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amepungua sana sehemu nyingi za Ziwa Victoria. Hapo tusimsingizie sangara. Ndiyo kwanza alikuwa anapandikizwa.

Sangara ametupa viwanda na ajira, na nyumba nyingi za bati Muleba na visiwani ni jasho lake. Lakini alimaliza furu wa aina nyingi. Baadhi ya waliosalia wamejificha kwenye miamba, wengine kwenye mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo mno. Sangara hayawezi, kambale, kamongo na baadhi ya furu wanayamudu. Kumbe pale tunapopaita pori la mbu ndipo maficho na malezi ya samaki wetu. Mafunjo hayo hayo huzuia udongo na mbolea vinavyoteremka kutoka rweya na vibanja visifike ziwani.

Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Mitaro yetu ingepita humo humo. Tulipaswa kuisoma kabla ya kupitisha bakuli, na kwa hilo tunaomba radhi.

Akina mama wa kikundi cha mboga wana haki ya kununa, maana waliahidiwa shamba. Ndiyo maana tunapendekeza fedha zinunue pampu na mabomba, bustani iwe juu ya zile mita 60, na kitakachobaki kiweke alama za mpaka. Pampu haitatosha kwa kilichopo. Ndiyo harambee ya leo.

Karatasi za ahadi ziko kwa mhazini. Asiyekubali mabadiliko haya aseme sasa, mchango wake wa mwaka jana atarudishiwa.