Ujasiri na Ustahimilivu: Mfano wa John Stephen Akhwari wa Mbulu



Somo lililopangwa kwa saa hii ni ujasiri na ustahimilivu mbele ya magumu makubwa ya maisha. Kwa somo kama hili wahubiri wengi huenda mbali kutafuta mifano, wakafika Roma ya kale au Ulaya ya wakati wa vita. Hapana haja. Mtu atokaye hapa Maisaka, akaishika barabara ya Singida hadi Dareda, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kupita Dongobesh, atafika Mbulu. Na Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari mwaka 1938. Siku hizo Mkoa wa Manyara haukuwapo, maana ulianzishwa mwaka 2002, lakini ardhi ni hii hii.

Watu wengi wa mkoa huu wamepata kulisikia jina lake. Habari zake, hata hivyo, husimuliwa nusu, na ile nusu iachwayo ndiyo yenye kufaa zaidi.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, ilikimbiwa mbio ya marathoni ya Michezo ya Olimpiki. Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwasumbua wakimbiaji wa mataifa mengi. Walioanza walikuwa 75. Akhwari hakuwa mgeni wa mbio ndefu aliyekwenda kubahatisha. Alikuwa mkimbiaji mwenye sifa barani Afrika, na aliondoka nyumbani akiwa na haki ya kutumaini ushindi. Jambo hili hapana budi lisemwe, kwa sababu wako wanaomsimulia kama mtu dhaifu aliyejitahidi tu. Mtu asiyetazamia kitu hapotezi kitu aangukapo. Akhwari alikuwa na cha kupoteza.

Misuli ilianza kumkaza. Kisha, yapata kilomita ya 19, wakimbiaji wakisongamana kugombea nafasi, aligongwa akaanguka. Goti liliteguka na kuumia vibaya, bega likajipiga barabarani. Alitibiwa na kufungwa bandeji. Mbele yake zilikuwa zimebaki kilomita 23.

Mshindi wa siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Basi tofauti yao ni saa moja na dakika tano, na inafaa msikilizaji aikalie kidogo saa hiyo. Medali zimekwisha kutolewa. Watazamaji wanashika njia kurudi makwao, na giza linaingia. Barabarani yuko mtu mmoja achechemeaye, mara akitembea, mara akikimbia kidogo, bandeji ikining'inia mguuni, naye ajua kwamba hakuna tena nafasi yoyote ya kugombea. Kila hatua angeweza kusimama, na hapana mtu katika Tanzania yote ambaye angemlaumu. Maelfu machache ya watu waliosalia uwanjani walimwona akiingia, wakasimama na kumpigia makofi mpaka alipouvuka mstari. Alikuwa wa 57, naye ndiye wa mwisho kati ya waliomaliza.

Husimuliwa kwamba waandishi wa habari walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma maili elfu tano ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo limezunguka dunia nzima. Lakini neno ambalo wageni hulipita upesi ni lile la kutumwa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, miaka saba tu kabla ya siku ile, na Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Kijana wa Mbulu alivaa jina la nchi kifuani. Goti lilipomwambia asimame, hakujiuliza kwanza ana nguvu kiasi gani, maana jibu lilikuwa wazi. Alikumbuka ni nani waliomtuma. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa mama aamkaye alfajiri kukanda unga wa maandazi ya kuuza ili ada ya mtoto ipatikane, mwaka wa tatu sasa tangu mumewe afariki. Mwulizeni nguvu azitoa wapi: hatazungumza juu ya nguvu. Atamtaja mtoto.

Methali husema mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema, wala haifai kuibeza, ila inaahidi tunda, na Akhwari hakula tunda lolote siku ile. Hakupata medali Mexico, wala hakupata kuwa na medali ya Olimpiki maisha yake yote. Medali pekee ambazo Tanzania imepata katika michezo hiyo ni mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, moja ya Filbert Bayi na nyingine ya Suleiman Nyambui. Nishani ya taifa ilimfikia Akhwari mwaka 1983, miaka 15 baada ya lile goti. Mwaka 2000 alialikwa Sydney, na mwaka 2008 akawa balozi wa nia njema wa michezo ya Beijing. Heshima hizo zilikuja kwa kuchelewa, na zingeweza kutokuja kabisa. Avumiliaye kwa sababu ya tunda peke yake atakata tamaa msimu wa kwanza ambao mti haukuzaa.

Hapa panahitajika tahadhari, nayo ni nzito kuliko sifa zote zilizotangulia. Habari hii ya Akhwari hutumiwa vibaya, na hutumiwa vibaya hata madhabahuni. Mwanamke apigwaye nyumbani huambiwa avumilie, amalize mwendo. Kijana aliyeelemewa na huzuni kiasi cha kutotamani kuishi huambiwa ajikaze. Wasemao hivyo hudhani wanahubiri ujasiri, kumbe wanamfunga mtu mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Basi watazameni wale 18 ambao hawakumaliza mbio ya Mexico. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alianza Mexico akiwa na mguu ulioumia, na yapata kilomita ya 17 alijitoa. Nani atathubutu kumwita mtu huyo mwoga? Machi 1969, miezi mitano baadaye, alipata ajali ya gari, na miguu iliyoishangaza dunia ikapooza. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, na huko, akiwa katika kiti cha magurudumu, akajifunza kulenga shabaha kwa upinde na kushindana na walemavu wenzake. Alifariki mwaka 1973. Mtu huyo alijua kusimama kilomita ya 17, na alijua kuanza upya pale ambapo hapakuwa na barabara tena. Katika alasiri moja ya mwaka 1968 wana wawili wa Afrika Mashariki walifanya mambo yaliyo kinyume, mmoja akamaliza na mwingine akaacha, na ujasiri ulikuwa kwa wote wawili.

Kuna mbio ambazo ujasiri wake ni kuziacha. Mkoa huu unazijua. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, wanawake 58 katika kila 100 wa Manyara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Idadi hiyo bado ni kubwa mno. Hata hivyo, nyuma ya kupungua kwake wako mabinti waliokataa, mama waliosema kwamba yaliyowapata wao hayatawapata binti zao, na mabibi ambao walikuwa wakiheshimiwa kwa kazi ya kisu nao wakakiweka chini. Sheria imekataza tendo hilo kwa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini sheria haikai jikoni wakati shangazi wanapokuja kuzungumza na mama. Binti anayesimama peke yake jioni ile, akikataa kukimbia mbio zilizoanzishwa na ukoo, hana uwanja wa watu wa kumpigia makofi. Huenda hata kanisani akakaa benchi la peke yake kwa muda. Kama usharika wenye miaka mia haujui kumpisha binti huyo akae mbele, basi miaka hiyo haijamfaa.

Kisha kuna ile bandeji. Wasimulizi huitaja wakapita, lakini mtu alipiga magoti barabarani akaifunga. Akhwari hakujifunga mwenyewe. Nabii Eliya naye, alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, hakuanza kwa kukemewa. Alipewa usingizi, mkate na maji, akalala tena, akapewa tena, na baada ya hapo ndipo akaenda safari yake. Manyara ililiona jambo hilo kwa macho tarehe 3 Desemba 2023, maji, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika makazi ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hapakuwa na nafasi ya kumhubiria ujasiri mtu ambaye nyumba yake imezikwa pamoja na watoto. Waliofaa asubuhi ile ni waliofika na sepetu, mablanketi na uji. Hotuba ziliweza kungoja. Na haki idai hili pia lisemwe: Akhwari aliichagua barabara yake, watu wa Gendabi hawakuichagua yao, wala hakuna mstari waliochorewa ili wajue wamefika. Mwaka uliofuata wako waliorudi kulima mashamba yaliyo chini ya mlima ule ule.

Hapo inabaki ile nusu ya habari isiyosimuliwa. Picha maarufu ya Akhwari humwacha pale pale uwanjani Mexico, jioni, mguu umefungwa, na dunia imemhifadhi hivyo kana kwamba hakuishi siku ya pili yake. Lakini alirudi nyumbani, goti likapona, akaendelea na mazoezi. Hapakuwa na kamera ya kumfuata. Mtu aliyekwisha kusifiwa kwa kuanguka vizuri angeweza kustaafu akiwa na sifa hiyo, akaila maisha yake yote.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Uskoti, alisimama tena kwenye mstari wa marathoni, kati ya wakimbiaji bora wa siku zile. Alimaliza wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Edinburgh haina hewa nyepesi ya Mexico, kwa hiyo nyakati hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Ila walio na kalamu waweza kuona kwamba muda huo ni mfupi kwa dakika tano na zaidi kuliko ule wa mshindi wa Mexico, na kwamba kati ya jioni ile ya bandeji na siku hii ya Edinburgh haikupita hata miaka miwili. Kisha alirudi Mbulu, akalima.