Koo la Mtoto, Moyo wa Mtu Mzima



Sisi tuliopewa heshima ya kusema leo ni watu tulioishi miaka mingi na ugonjwa wa moyo pasipo kuujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi hatukuficha kitu. Tulipobaki nyuma katika mchakamchaka wa shule, tuliitwa wavivu. Tulipohema ngazini, tuliambiwa tumenenepa. Wenzetu wajawazito walioshindwa kulala bila kuinua mito waliambiwa ndiyo hali ya mimba. Wengine walitambuliwa wakiwa katika chumba cha kujifungulia, moyo ukiwa umekwisha kuelemewa.

Maradhi yetu hutokana na homa ya baridi yabisi. Chanzo chake ni kidogo: bakteria aitwaye streptokokasi, anayeshambulia koo, hasa la mtoto wa miaka 5 hadi 15. Koo lisipotibiwa, baada ya wiki 2 au 3 watoto wengine hupata homa na maumivu ya viungo yanayohamahama, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili, iliyoinuka kupigana na bakteria, hugeuka ikazishambulia vali za moyo, yaani milango ipitishayo damu upande mmoja tu. Maumivu hupoa, wazazi hushukuru. Kumbe milango imebaki na makovu. Miaka mingi yaweza kupita kabla pumzi haijaanza kukatika.

Ndugu zetu, ugonjwa huu wazuilika. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, humwondoa bakteria huyo kooni mapema. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili vali zisiumie zaidi. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kiitwacho eko, huweza kuonyesha makovu kabla mgonjwa hajahisi lolote, wala hakiumizi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyakabili maradhi haya.

Baadhi yetu tuliochelewa tulipasuliwa kifua. Wenye vali bandia za chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yao. Twashukuru kwamba Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Hata hivyo twatamani wajukuu wenu wasihitaji kulazwa humo.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kwa mganga, wala asiishie kupewa maji ya chumvi. Anayehema kuliko wenzake asikemewe, apimwe. Na ukumbi huu, uliolisha wengi katika sikukuu zetu, ufunguliwe siku moja kila mwaka ili wataalamu wawapime mioyo watoto wa mtaa mzima, bila kuuliza nani anasali wapi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo ni ghali kuujenga.